Kilo ya maji, kilo ya chuma au kilo ya namba: ipi umpe mwanafunzi?

Wanafunzi wa kidato cha kwanza wakifika kwenye mada ya vipimo huja na sentensi waliyoinakili kutoka madaftari ya kaka na dada zao: kilogramu ni tungamo la silinda ya platinamu na iridiamu iliyohifadhiwa Sèvres, Ufaransa. Sentensi hiyo ilikuwa kweli kwa karibu miaka 130. Tarehe 20 Mei 2019 ikaacha kuwa kweli. Walimu wenzangu wengi wamekwishasikia habari hiyo, ila ukiwauliza wanaweka nini mahali pake, kila mmoja ana lake. Yuko anayesema mpe mtoto lita ya maji, ataishika. Yuko anayesema silinda iachwe ilivyo, angalau inachoreka ubaoni. Na yuko anayeandika namba ya Planck, ile namba ya fizikia inayofafanua kilo tangu siku hiyo, yenye sifuri 33 baada ya nukta, anawatazama wanafunzi, wanafunzi wanamtazama, kisha anahamia mada nyingine.

Nimefundisha kwa njia zote tatu, na hapa naziweka bega kwa bega. Kwa mwenye haraka: daftarini andika namba, mezani weka maji, na mwanafunzi akiuliza kilo ya dukani kwao inatoka wapi, mpe habari za chuma. Sababu ndizo zinazotaka nafasi.

Jambo moja kwanza. Kilo ni kipimo cha tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe. Uzito ni mvuto wa dunia juu ya kitu hicho. Sokoni tunasema uzito kwa vyote viwili na hakuna anayepotea, lakini tofauti hiyo itatusumbua tukifika kwenye mizani ya betri.

Maji

Hii ndiyo kongwe kuliko zote. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 7 Aprili 1795 ilisema gramu ni uzito wa maji safi yanayojaza mchemraba wenye upande wa sentimita moja, yakiwa kwenye joto la barafu inayoyeyuka. Wafaransa walikuwa wamechoshwa na vipimo vya kila mji na bwana wake. Mita wakaitoa kwenye dunia yenyewe, sehemu moja kati ya milioni 10 za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Gramu wakaitoa kwenye mita na maji. Mwenye rula nzuri na maji safi angeweza kujitengenezea kilo yake bila kumwomba mfalme.

Uzuri wake uko hapo, na ndiyo maana inafaa darasani. Chukua chupa ya maabara ya lita moja, ile ya shingo nyembamba yenye mstari mmoja uliochorwa shingoni. Ipime tupu. Ijaze hadi sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji iguse mstari, uipime tena. Darasani kwetu, mchana mmoja wa Februari, kipimajoto kilisoma nyuzi 30 ndani ya maji, na ukiondoa chupa, mizani ikatupa gramu 995. Watoto wakainama kutazama. Mmoja akasema mizani imeharibika. Wa pili akasema, "Mwalimu, umemwaga."

Hakuna kilichoharibika wala kilichomwagika. Maji hupanuka yakipata joto, na kwenye nyuzi 30 lita moja ya maji ina gramu 995.7 hivi. Hewa nayo huyabeba kidogo, kama bahari inavyobeba mtumbwi, ikapunguza kwenye mizani gramu nyingine moja. Ukitaka kukaribia gramu 1,000 itabidi uyapoze hadi nyuzi 4, ambapo maji hushonana kuliko kwenye joto jingine lolote. Wafaransa wenyewe walihamia huko: kilo ya platinamu waliyoikabidhi kwenye hifadhi ya taifa mwaka 1799 ilifuata maji ya nyuzi 4, wala si ya barafu.

Kwa hiyo maji yana masharti mengi. Yawe safi, yawe na joto lile, chupa iwe na ujazo kamili, na ujazo wenyewe unategemea mita. Legeza sharti moja, kilo imesogea. Mabingwa wenyewe waliteleza: kilo ya 1799 ilikuja kuonekana imezidi maji ya desimita moja ya ujazo kwa takriban miligramu 28. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa vipimo ukaamua kwamba lita ni ujazo wa kilo moja ya maji, basi lita ikawa si desimita moja ya ujazo tena bali 1.000028. Kichekesho hicho kiliishi hadi 1964, lita iliporudishwa kwenye desimita yake.

Ugonjwa huu tunaujua. Debe, pishi na kibaba navyo hupima ujazo, na debe la mahindi yaliyokauka vizuri si kilo zilezile na debe la mahindi yenye unyevu. Lumbesa imejengwa juu ya ugonjwa huohuo: mkulima anauza gunia, mnunuzi analishindilia na kulishonea kofia juu, akifika mjini anauza kwa kilo.

Chuma

Nasema chuma kwa mazoea ya sokoni. Ni platinamu asilimia 90 na iridiamu asilimia 10.

Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita mjini Paris, na ofisi ya kimataifa ya vipimo ikawekwa Sèvres, pembeni mwa jiji. Mwaka 1889 silinda ikapitishwa rasmi. Kimo chake karibu milimita 39, kipenyo vilevile. Ingeingia kwenye kikombe cha kahawa ya barazani. Ikafunikwa kwa kengele za kioo, moja juu ya nyingine, ikafungiwa kwenye sefu ambayo kuifungua kulitaka funguo tatu zilizoshikwa na watu tofauti. Nakala zake zikagawiwa nchi wanachama kwa kura.

Kwa kueleweka, hakuna inayoifikia. Haiulizi joto, haiulizi maji ya wapi. Kilo ni ile pale. Halafu inapitishwa kwa njia ambayo hata bibi muuza nyanya anaijua: weka hili upande huu wa mizani, lile upande ule, tazama kama mkono umelala sawa.

Ukitaka mwanafunzi aione njia hiyo kwa macho, mtume dukani aazime jiwe la mizani la kilo moja na aligeuze. Atakuta shimo lililozibwa kwa madini ya risasi, na juu ya risasi mhuri umegongwa. Risasi ile ni ya kurekebishia. Jiwe likilika kwa kukwaruzwa sakafuni, fundi huongeza risasi, likizidi, huichimba. Mhuri ukishagongwa juu yake, huwezi kuichokonoa usiku bila kuuharibu. Aliyegonga ni mkaguzi, kwetu Tanzania wa Wakala wa Vipimo, baada ya kulilinganisha na jiwe lake. Jiwe la mkaguzi lililinganishwa na jingine lililo bora zaidi, lile nalo na la maabara ya taifa, na kuendelea hivyo, mkono kwa mkono, mpaka Sèvres. Nasaba ya jiwe la dukani ilikuwa inaishia kwenye silinda moja.

Tatizo lilikuwa juu ya nasaba hiyo. Silinda ilitolewa kwa nadra mno, maana kila kuishika ni kuihatarisha. Ilitolewa kulinganishwa na nakala zake miaka ya 1940, kisha tena mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilisuguliwa kwa ngozi laini iliyolowekwa etha na pombe, ikaoshwa kwa mvuke wa maji, ikapimwa. Ikaonekana nakala nyingi zimeipita kwa wastani wa karibu mikrogramu 50 katika miaka mia. Ni kitu kama chembe ndogo ya mchanga laini.

Nani alibadilika, silinda au nakala? Hapa ndipo darasa huamka. Kwa ufafanuzi wa 1889 silinda haiwezi kupungua. Ipige msasa, bado ni kilo moja kamili. Kilichotokea ni kwamba kila kitu kingine, wewe, mimi, ng'ombe wa jirani na Mlima Kilimanjaro, kimeongezeka. Mtoto wa miaka 14 anaona upuuzi wa jambo hilo haraka kuliko mtu mzima. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Na ikiibiwa je?" Nikamjibu ndiyo maana ya funguo tatu. Hakuridhika, na alikuwa na haki.

Namba

Usianze na kilo. Anza na ndugu zake waliotangulia.

Mwaka 1967 sekunde iliachana na mwendo wa dunia ikafungwa kwenye atomu: ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi yanayohusiana na atomu ya sesiamu 133. Mwaka 1983 mita ikafuata: ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe, yaani mahali pasipo na hata hewa, kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kila mwaka mtu huuliza kwa nini wasingeweka milioni 300 tukapumzika. Wangeweza, ila mita ingefupika kwa karibu milimita 0.7, na kila rula, kila ramani ya nyumba na kila mashine ya kuchonga vyuma ingekuwa na kosa. Namba mbaya huchaguliwa ili kipimo cha jana kisisogee.

Akishaelewa hapo, kilo haimtishi. Tarehe 16 Novemba 2018, mjini Versailles, nchi wanachama zilipiga kura kwamba namba ya Planck ni 6.62607015 × 10⁻³⁴ jouli sekunde, kamili, bila neno takriban. Ikaanza kazi tarehe 20 Mei mwaka uliofuata, siku ya kumbukumbu ya ule Mkataba wa Mita. Kabla ya hapo silinda ilikuwa haiulizwi na namba ya Planck ikipimwa kila mara. Wakageuza: namba haiulizwi, tungamo ndilo linalopimwa.

Namba hiyo inahusiana vipi na kitu cha kushika mkononi? Nishati ya chembe ya mwanga ni namba ya Planck mara marudio ya wimbi kwa sekunde. Einstein akaonyesha kwamba tungamo ni nishati, ukilizidisha kwa kasi ya mwanga, kisha kwa kasi hiyohiyo tena. Unganisha hayo mawili: ukiwa na sekunde, ukiwa na mita, na namba ya Planck ikawa imefungwa, kilo imekwishapatikana. Kidato cha kwanza, ishia hapo. Wa kidato cha tano waonyeshe mizani ya Kibble, maana inafanyika kwa fizikia wanayoijua.

Bryan Kibble alikuwa mwanafizikia wa maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza, na wazo lake ni la mwaka 1975. Ning'iniza koili ya waya ndani ya sumaku, upande mmoja wa mizani. Weka tungamo lako juu yake, kisha pitisha mkondo wa umeme hadi kani ya sumaku ilibebe tungamo na mizani itulie. Kani hiyo inategemea nguvu ya sumaku na urefu wa waya, vitu viwili vigumu kuvijua kwa usahihi unaotakiwa. Ujanja wa Kibble ni hatua ya pili: ondoa tungamo, sogeza koili ileile kwenye sumaku ileile kwa mwendo unaoujua, upime volti inayozaliwa. Volti nayo inategemea nguvu ya sumaku na urefu wa waya, kwa namna ileile. Gawanya moja kwa nyingine, vyote viwili vinakatana na kutoweka. Unabaki na tungamo, mvuto wa dunia, mwendo, volti na mkondo. Volti na mkondo siku hizi hupimwa kwa njia za kikwantamu ambazo ndani yake imo namba ya Planck. Mwanafunzi anayependa aljebra akiona herufi mbili zinakatana ubaoni na kilo inachomoza, hata husahau kengele.

Kuna njia ya pili, ya Wajerumani na wenzao: chonga tufe la silikoni safi yenye karibu aina moja tu ya atomu, pima kipenyo chake kwa leza, pima nafasi kati ya atomu, uhesabu zimo ngapi. Kilo moja inafika atomu 2.15 × 10²⁵ hivi. Njia hizi mbili hazifanani hata kidogo, na makubaliano yake ndiyo yaliyowapa watu moyo wa kupiga kura.

Sasa ubora wa namba: haina kwao. Haikai Sèvres, haiogopi wezi wala vumbi. Maabara yoyote, Nairobi au Tokyo, ikiwa na mashine nzuri inaweza kuitoa kilo bila kuomba ruhusa. Ndoto ya 1795 hiyo, safari hii bila masharti ya maji.

Ubaya wake uko kwenye maneno "mashine nzuri". Nchi zenye mizani ya Kibble inayofanya kazi kwa usahihi wa juu ni za kuhesabu. Na mashine hizo, pamoja na matufe, hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe kwa kiwango ambacho wataalamu wangependa. Kwa hiyo tangu Februari 2021 dunia hugawiana kilo ya makubaliano, inayokokotolewa kutokana na majibu ya maabara hizo na kukubalika kuwa na wasiwasi, yaani kosa linaloweza kuwemo, wa mikrogramu 20. Wengi hawajui hili. Ufafanuzi ni wa namba, lakini kinachosafirishwa kutoka nchi hadi nchi, kwenye kisanduku chenye sponji, bado ni jiwe.

Bega kwa bega

Linganisha na sekunde. Namba ya sesiamu inakufikia mfukoni: satelaiti zenye saa za atomu zinatuma, simu yako inapokea, na mvuvi wa Pemba anapata mahali alipo. Kilo haijapata satelaiti yake. Inakuja kwa mikono, jiwe kwa jiwe, ikipita kwenye maabara za taifa kama za mashirika ya viwango, TBS hapa Tanzania na KEBS kule Kenya, mpaka kwa mkaguzi na kwenye kaunta ya duka.

Kuna wanaodhani mizani ya betri imelimaliza suala hili kwa sababu haina mawe. Ndiyo inayoyahitaji zaidi. Mizani ya mikono miwili hulinganisha: mvuto ukipungua, unapungua pande zote mbili na jibu halibadiliki. Ya betri hupima kani inayosukuma kitako chake, kisha inageuza kuwa kilo kwa hesabu iliyowekwa kiwandani. Mvuto wa dunia Paris ni mkubwa kidogo kuliko Dar es Salaam, karibu newtoni 9.809 kwa kila kilo dhidi ya 9.781. Mizani iliyorekebishwa kule ikiletwa hapa bila kurekebishwa upya itasoma pungufu kwa karibu gramu 3 kwenye kila kilo. Muuza dhahabu hawezi kuzicheka. Dawa yake ni kuweka juu yake jiwe lenye mhuri na kuirekebisha papo hapo, na maabara ya shule ifanye hivyo kabla ya kila muhula. Jiwe moja la gramu 500 lililokaguliwa lina faida kuliko mizani ya pili.

Basi, kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza ningechagua hivi. Somo la kwanza maji, kwa chupa na kipimajoto, na zile gramu 5 zinazokosekana uziache zimsumbue hadi kesho yake. Usimwambie kwamba lita ya maji ndiyo kilo. Mwambie inaikaribia, na kwamba miaka mia mbili na zaidi iliyopita watu wazima walijaribu kusema ndiyo. Somo la pili jiwe la dukani lililogeuzwa, na swali la nani anampima mpimaji. Namba ije mwishoni, kama jibu la swali ambalo yeye mwenyewe ameshaanza kuliuliza. Ukianza nayo, ataikariri kama namba ya simu ya mtu asiyemjua.

Mwenye kipindi kimoja tu aruke maji, aende na jiwe. Mwenye wanafunzi wa kidato cha tano aruke vyote viwili, aende moja kwa moja kwa Kibble.

Ile sentensi ya madaftari ya zamani usiifute. Silinda ingali Sèvres, na siku hizi inapimwa kama jiwe jingine lolote. Mwambie mwanafunzi apige mstari kwenye neno "ni", na juu yake aandike "ilikuwa, 1889 hadi 2019".